Kiti cha Upande wa Motulalo

Latai alifanya sufuria kuwa kisiwa chao cha Lifuka, na mfuniko wake ukawa Tongatapu, kwenye hospitali kubwa. Katikati, juu ya mkeka, akaweka kijiko. Hicho kilikuwa kisiwa cha Motulalo. Kisha akachukua kopo tupu la nyama, ndiyo ndege, akalisukuma polepole kutoka sufuriani kuelekea mfunikoni, ameinama hadi shavu linagusa mkeka, ili aone kijiko kinapita upande gani wa kopo.

"Kulia," akasema.

"Umeligeuza kopo," mumewe akajibu kutoka kitini. Falakiko hakuliona kopo wala kijiko, alisikia tu bati likikwaruza mkeka. Lakini mtu aliyezaliwa Motulalo hawezi kukubali hivi hivi kuonyeshwa na mwanamke wa Lifuka mahali Motulalo ilipo.

"Sijaligeuza. Tukielekea kusini, Motulalo ipo magharibi. Magharibi ni mkono wa kulia."

"Na rubani akiamua kuzunguka upande wa pili?"

"Azunguke kufanya nini? Ana shamba huko?"

Falakiko akacheka. Latai alifurahi kumsikia, maana tangu daktari ataje neno la kukata mguu nyumba ile ilikuwa imesahau kicheko.

Wiki hiyo karibu kila mtu Lifuka aligeuka mjuzi wa ndege. Mhubiri aliwashauri wakae kushoto, kwa kuwa yeye aliona nyangumi kushoto, na baada ya kubanwa maswali ikajulikana kuwa aliwaona wakati wa kurudi. Mwenye duka alisema pazuri ni mbele kabisa, nyuma ya rubani, kwani hapo unaona kila kitu, hata ajali inavyokuja. Jirani mmoja ambaye hajawahi kupanda ndege alisema dirishani kuna baridi. Latai aliwasikiliza wote, akawashukuru, akarudi nyumbani kwenye kopo lake. Alikwenda hata uwanjani kuitazama ndege yenyewe, akaona kwamba mabawa yako juu ya madirisha na hayazuii kitu, ila miguu ya ndege hutokeza katikati ya ubavu na kumziba anayekaa usawa wake. Kwa hiyo kiti kilikuwa kimoja tu: kulia, dirishani, nyuma ya mguu wa ndege. Tena kwa safari ya asubuhi, jua likiwa upande mwingine, lisimchome jicho mgonjwa.

Wengine huchagua dirisha ili waone mandhari. Falakiko alitaka kuona kaburi. Mtoto wao wa pekee, Lisiate, aliyekufa kwa homa akiwa bado hajaota meno ya mbele ya utu uzima, alizikwa Motulalo kwenye ncha ya magharibi. Kisha likaja wimbi. Watu wote wakahamishiwa Lifuka, na pengo la kupitisha mashua kwenye mwamba likazibwa na mawe. Wanaume waliojaribu kukaribia walirudi na habari zisizopatana. Mmoja alisema ncha yote imekwenda na maji. Mwingine aliapa ameona kwa mbali weusi wa mawe juu ya mchanga, yale mawe madogo meusi ya volkano ya Tofua ambayo kwetu hutandazwa juu ya kaburi. Falakiko aliishi kwa maneno ya huyo wa pili. Latai hakujua aishi kwa maneno ya nani.

Kisukari kilikuwa kimekwisha kulichukua jicho la kulia la Falakiko. La kushoto lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na daktari alimwambia Latai mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba nalo halitakaa. Mguu ungekatwa kesho yake baada ya kufika. Wakauza nguruwe wa mwisho na mkeka wa harusi wa Latai, wakanunua tiketi za kwenda. Za kurudi hawakuziulizia.

Jioni ya kuamkia safari wakafanya mazoezi. Latai aliweka viti viwili mbele ya dirisha la nyumba, akamkalisha Falakiko kile cha karibu na dirisha na yeye akakaa ubavuni. Kwa kuwa jicho zima lilikuwa la kushoto na dirisha litakuwa kulia, ilibidi ageuke na mabega na kiuno, kisha ainamishe kichwa mpaka tundu lake lielekee chini. Nje kulikuwa na jogoo wa jirani, naye ndiye aliyefanywa Motulalo. Mara ya kwanza Falakiko aliona ukuta. Mara ya pili akaona mguu wa kiti. Walirudia mpaka shingo ikamuuma, na mwishowe akasema, "Ana manyoya yaliyokatika mkiani." Latai akachungulia. Kweli jogoo alikuwa hana nusu ya mkia. Walilala mapema usiku huo, wakiwa na matumaini makubwa kuliko watu wanaokwenda kukatwa mguu.

*

Uwanjani kwetu abiria hupimwa uzito pamoja na mizigo yao mbele ya kila mtu, kisha Seini, binti wa dawatini, humgawia kila mmoja kiti kulingana na kilo zake, ili ndege isielemee upande mmoja. Watu wanene huvua viatu kabla ya kupanda mizani, kana kwamba viatu ndivyo vilivyokula.

Falakiko alipandishwa mizani akiwa ameshikwa kwapani. Mguu wake ulikuwa umefungwa kitambaa, na juu ya kitambaa mfuko wa nailoni, lakini harufu haifungiki, na mama mmoja aliyekuwa karibu alihamia benchi jingine akijifanya anafuata upepo. Seini akasoma uzito kwa sauti, kama anavyotakiwa. Kisha akapanda Latai, ukasomwa na wake. Falakiko akagundua, pamoja na uwanja mzima, kwamba mkewe sasa ni mzito kuliko yeye. Enzi zake alibeba nguruwe dume mabegani kutoka pwani hadi kanisani. Alitabasamu kidogo na kuuliza benchi liko wapi, akae.

Latai alibaki dawatini kungoja kiti. Alikwisha kumpelekea Seini viazi vikuu na kumweleza kila kitu, na Seini alikuwa amemwambia aondoe shaka. Sasa binti yule alikuwa anapangapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika.

"Mama Latai, baba nimemweka kushoto. Kile kiti cha peke yake. Kina dirisha kubwa tu."

"Kushoto ni bahari tupu, mwanangu."

"Najua, mama. Kile cha kulia kimeombwa na mtu nisiyeweza kumkatalia."

Hakuhitaji kumtaja, kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa anashuka kwenye gari la kanisa. Alikuwa Kalolaine, dada mkubwa wa Falakiko, mjane wa mchungaji, mkazi wa mji wa Nuku'alofa, Tongatapu, aliyekuja Lifuka kwa mkutano wa wanawake na ambaye walidhani amekwisha kurudi. Mkeka mzuri wa kuvaliwa kwa heshima ulikuwa umefungwa kiunoni mwake, kipepeo cha kujipepea mkononi, na nyuma yake dereva alikuwa anatweta na kapu dogo la ukili ambalo lilimlemea kupita ukubwa wake. Lilipowekwa kwenye mizani sindano ikaruka. Watu wakatazamana. Seini akasema kwa adabu kwamba kapu limezidi, labda liachwe lije na meli. Kalolaine akamjibu kwamba afadhali yeye mwenyewe aachwe aje na meli. Seini akaliandika kapu na kulifunga lebo.

Kwetu dada ndiye mkubwa wa kaka yake, na kwa watoto wa kaka shangazi hana mpinzani. Yeye hula kwanza. Yeye hukaa kichwani pa maiti. Akisema mtoto alazwe hapa, hulazwa hapo. Na kaka hakai ubavuni mwa dada yake, hata kwenye benchi la kanisa, hata akiwa anaumwa. Falakiko aliposikia sauti ile alijaribu kusimama, akashindwa, akageuza uso ukutani kwa heshima.

"Nirudishe nyumbani," akamnong'oneza mkewe. "Ndege ni ndogo. Tutasafiri kesho."

"Kesho unakatwa mguu."

Kisha Latai akamwambia habari ya kiti, na kwamba yupo aliyekiomba, na ni nani.

"Basi," Falakiko akasema. "Yamekwisha."

"Nitakwenda kumwomba."

"Usithubutu, Latai. Shangazi wa mtoto haombwi kiti." Alisema hivyo bila hasira, akaanza kuivuta soksi ya mguu wake mzima, akaivuta na kuivuta ingawa ilikuwa imefika mwisho. Latai akaitazama mikono hiyo. Ndiyo iliyomfanya aondoke.

*

Kalolaine alikuwa amekaa chini ya feni. Latai alikwenda akakaa sakafuni mbele yake, magoti yamekunjwa upande mmoja, macho kwenye saruji. Wanawake wa jirani wakapunguza mazungumzo. Tangu aolewe, Latai hakuwahi kumwomba wifi yake kitu chochote. Kwanza kwa adabu. Baadaye, baada ya mazishi ya Lisiate, kwa chuki aliyoificha vizuri, akaipikia, akaifulia, na kuipelekea mikeka kila Krismasi.

"Wifi, nina neno."

"Sema."

"Ni kuhusu kiti."

"Kiti kimefanya nini?"

"Tunaomba tubadilishane. Kile chako cha kulia."

Kipepeo cha Kalolaine kikasimama. Mama mmoja benchi la nyuma alikohoa, na kikohozi chake kilimaanisha kwamba habari hii itafika sokoni kabla ya mchana.

"Nani anaomba? Wewe au yeye?"

"Mimi. Yeye amenikataza."

"Angalau mmoja wenu amelelewa," Kalolaine akasema, na wale wanawake wakacheka chini chini. Latai alihisi masikio yanawaka, lakini hakuinuka. Alisema, akiitazama saruji, kwamba macho ya mumewe yanakwisha. Alisema limebaki tundu moja la kuonea na hata hilo halina siku nyingi. Akasema hakuna safari nyingine.

"Anataka kuona nini?"

"Lisiate."

Kalolaine alitazama uwanjani, ambako wapakizi walikuwa wanasukuma kapu lake juu ya kitoroli. Alipoanza kusema tena sauti ilikuwa ndogo, na wanawake wa nyuma walilazimika kuinama.

"Kile kiti mimi sikupewa kwa ukubwa. Nilimpigia Seini simu, nikaomba. Nilibadilisha na siku ya safari ili nipate ndege ya asubuhi, jua lisiniingie machoni." Akameza mate. "Wewe ulitaka alazwe juu, karibu na kanisa. Nakumbuka. Mimi nikasema hapana, aende kwenye ncha, akalale na mama yangu. Wewe hukusema kitu. Siku ile ulinyamaza vibaya sana, Latai."

Miaka yote Latai alikuwa ameyangoja maneno haya. Jikoni aliwahi kuyasikia kichwani kwa sauti hiyo hiyo, na kila mara alikuwa na jibu kali la kumpa. Sasa yamekuja, na hayakumpa raha. Alichoona ni mwanamke mzee aliyevimba miguu, aliyehesabu jua na madirisha kama alivyofanya yeye kwa kopo na kijiko.

"Chukueni kiti," Kalolaine akasema. "Nitakaa mbele kushoto, mbali naye. Lakini tukifika nitakuuliza, nawe utaniambia."

Alimwita Seini, akamwambia apange upya, na Seini akaenda kuzungumza na rubani. Rubani alikuna kichwa, akatazama karatasi ya uzito, akamtazama Kalolaine, akasema inawezekana.

*

Ndege iliondoka na mngurumo wa kuziba masikio. Kalolaine alikuwa kiti cha mbele, mgongo umenyooka, na dirisha lake lilikuwa na bluu peke yake. Falakiko alikuwa kulia, dirishani, nyuma ya mguu wa ndege. Alikuwa amegeuka tangu wakiwa bado chini, mabega na kiuno, kama walivyofanya mazoezi, na Latai alimshika mgongoni ili mtikisiko usimwondoe.

Vilipita visiwa vyenye watu, na mapaa ya bati yakimetameta. Kila mara Falakiko aliuliza, naye Latai alimwambia sikioni, "Bado." Kilipita kisiwa chenye shule nyekundu. Bado. Ukapita mwamba mrefu uliozungukwa na povu. Halafu Latai akauona mgongo wa Motulalo.

"Sasa," akasema. "Chini kidogo. Kichwa, kichwa. Hapo."

Akainama juu ya mapaja ya mumewe, akatazama na yeye. Aliona minazi iliyokatika vichwa. Aliona kuta za kanisa bila paa, na bado zilikuwa juu, pakavu, mahali pale pale alipotaka mtoto wake alazwe. Akaufuata mchanga kwa macho kuelekea magharibi, akitafuta ncha, na mchanga ukaenda, ukapungua, ukaisha. Hapakuwa na ncha. Kisiwa kilikuwa kimekatika kama mkate uliomegwa, na baada ya hapo yalikuwa maji. Alitafuta weusi wowote. Akatafuta hata jiwe moja. Bawa likainuka kidogo, kisiwa kikaanza kurudi nyuma, na Latai alitaka kumwambia rubani asimame, ombi la kijinga, lakini alilitaka kwa moyo wote.

"Nauona!" Falakiko akasema.

Alisema kwa sauti kubwa. Katika maisha yake yote hakuwahi kupaza sauti dada yake akiwa karibu, na abiria wawili waligeuka.

"Nauona weusi," akaendelea, juu ya mngurumo. "Mawe yote yapo, Latai. Yapo kama dada alivyoyatandaza. Hakuna lililosogea."

Latai alidhani jicho limemdanganya, akamhurumia. Kisha akaona kwamba Falakiko hatazami chini tena. Uso wake ulikuwa umeelekea mbele, kule alikokaa Kalolaine, na alikuwa anasubiri. Hapo Latai akaelewa maneno yale yalimlenga nani. Kalolaine hakugeuka, kwani haikumpasa kugeuka. Lakini ule mgongo ulionyooka tangu Lifuka ukalegea polepole, akaegemea kiti, na kipepeo kikamponyoka kikaanguka sakafuni.

Latai alijaa hasira. Alikasirika kwa sababu aliachwa peke yake na maji yale, huku wengine wawili wakigawana mawe. Halafu akamtazama mumewe, aliyekuwa amefumba macho yote mawili akihema kama mtu aliyebeba mzigo mlimani, na hasira ikakosa pa kukaa.

*

Walipofika, Falakiko alishushwa mwisho, akawekwa kwenye kiti cha magurudumu, kivulini, kungoja gari la jamaa wa kanisa. Kalolaine alimngoja Latai kando ya mizigo. Kapu la ukili lilikuwa miguuni pake.

"Ameona?"

"Amesema ameona, wifi."

"Alichosema nimekisikia. Ndege nzima imesikia. Nakuuliza wewe."

Latai akainama, akaitazama lebo ya kapu. Kalolaine hakumharakisha. Alisukuma kapu kwa kidole cha mguu, likakataa kusogea.

"Haya ni mawe," akasema. "Ya Tofua. Nilinunua Lifuka, nikayaosha mwenyewe kwa maji ya chumvi. Nilijiambia nikikuta hayupo nitamtandikia hapa. Nina kipande changu makaburini, si mbali na hospitali, na kijana wa kuleta mchanga wa kaburi nimekwisha kuongea naye. Ungekuwa ukitoka kumpa mumeo uji unapita. Mtoto angekuwa na pake, na wewe ungekuwa na pa kukaa."

Latai alipaona. Alipaona wazi kuliko alivyoiona Motulalo, mchanga mweupe na mawe yaliyooshwa, na yeye amekaa pembeni na bakuli tupu la uji, anaondoa majani makavu moja moja. Alichotakiwa kusema ni neno moja, nalo lilikuwa la kweli. Akatazama kivulini. Falakiko alikuwa amegeuza uso upande wao bila kuwaona, mikono imeshika magoti, anasikiliza. Kesho asubuhi watamlaza mezani. Akisema neno lile, mumewe ataingia mezani akiwa mtu aliyemdanganya dada yake mbele ya watu, na mwanamke huyu mzee atarudi nyumbani na ncha yote ya Motulalo kifuani.

"Nimeona, wifi," akasema. "Yapo."

Kalolaine akaziba mdomo kwa kiganja. Alilia bila sauti, mabega yakitikisika, na Latai akasimama mbele yake akiwa hajui kama inaruhusiwa kumshika. Akamshika. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Basi haya ni yake," Kalolaine akasema alipoweza, akajifuta kwa ncha ya mkeka wake. "Ya kumpambia kaburi Krismasi. Tafuta mtu wa mashua mwenye akili ayapeleke, ayaongeze juu ya yale. Mwambie kaka yangu nimeshukuru."

Akainua kapu kwa mikono yote miwili na kumkabidhi.

*

Gari lilikuwa la wazi nyuma. Falakiko na Latai walikaa juu ya godoro lililotandikwa, kapu kati yao. Walipita mashamba ya mihogo na makanisa, na Falakiko hakuuliza wamefika wapi. Mkono wake uligusa ukili, ukapanda ukingoni, ukaingia ndani. Latai aliutazama ukisimama, kisha ukaanza kuyapitisha mawe kati ya vidole, taratibu.

"Ya nani?"

"Ya Lisiate. Dada yako alikuwa amtandikie hapa, kama angekuta hayupo kule." Akavuta pumzi. "Anasema ameshukuru."

Falakiko aliendelea kuyapitisha mawe vidoleni. Gari lilipunguza mwendo kupisha nguruwe na watoto wake.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ulichosema wewe."

"Latai. Mimi sikuona kitu. Tangu tunaondoka niliona mwanga tu. Hata nilipokuambia habari za mkia wa jogoo, jirani alikwisha kuniambia." Akashika jiwe moja. "Wewe uliona."

"Niliona."

"Niambie."

Alitaka kumwambia kesho, baada ya mguu. Lakini alikuwa amechoka kuwa peke yake na jambo lile, na huyu ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa na haki nalo kama yeye. Akamwambia. Kuta za kanisa zimesimama. Minazi haina vichwa. Ncha imekwenda yote, kaburi la mama yake na la mtoto, hakuna jiwe. Ni maji.

Falakiko akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia.

"Maji ya rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani hafifu au kile kilichokolea?"

"Hafifu. Mchanga unaonekana chini."

"Basi hayana kina."

"Hayana kina," Latai akasema. "Mtoto angesimama."

Falakiko aliuacha mkono wake ndani ya kapu, na Latai akaingiza wake, na hawakuitoa mpaka walipofika hospitali.